Sakafu Inayompandia Bibi

Nyumba ya mwisho,
Safu ya nyumba za manispaa,
Nyuma ya karakana ya matairi.

Kwa Mhandisi wa Majengo,
Ofisi ya Manispaa.

Ndugu Mhandisi,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA SAKAFU

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa umeketi kwenye kiti imara. Kama umesimama, nakuomba uketi kwanza ndipo uendelee kusoma. Sababu utaiona.

Mimi ni mjukuu wa mpangaji wenu wa nyumba ya mwisho. Mpangaji mwenyewe ni Bibi, mama yake mama yangu, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye ameishi humu tangu kuta zilipokuwa na rangi ya maziwa hadi leo ambapo hazina rangi ya kutajika. Mama yuko mbali kikazi, kwa hiyo tunaishi wawili. Kazi yangu ni kusahihisha maandishi ya vitabu vya shule kabla havijapigwa chapa, na naifanyia papo hapo kwenye meza ya sebuleni. Ninayoyaeleza hapa nimeyaona kwa macho yangu, au nimeyasikia kutoka chumba cha pili na kuyakuta yameshakwisha.

Nimesoma mkataba wetu wa upangaji mwanzo hadi mwisho. Unamkataza mpangaji kutoboa ukuta, kufuga mbuzi na kubadili rangi ya mlango. Haukusema lolote kuhusu sakafu kupanda. Simlaumu aliyeuandika. Huenda hakufikiria kwamba siku moja sakafu ya manispaa ingeanza tabia hiyo. Sasa imeanza, na naomba nieleze kwa utaratibu.

1. Bafuni. Sakafu ya bafu letu ni ya saruji iliyosuguliwa hadi ikang'aa, na ikishalowa maji ya sabuni hata mjusi huona afadhali apite ukutani. Asubuhi moja nilisikia kishindo, kisha ndoo ikibingirika. Nilipofika nilimkuta Bibi yuko chini, taulo begani, miguu ameinyoosha, akiitazama ile ndoo kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyechelewa. Nikamuuliza kama ameanguka.

"Nani kaanguka?" akasema. "Nimekaa."

Ndugu Mhandisi, hapa lazima nisimame kwenye neno hili, kwa sababu shauri zima limesimama juu yake. Bibi alifundisha maisha yake yote. Kwake yeye, kuanguka ni jambo linalowapata watoto msimu wa mitihani. Anaanguka asiyesoma. Anaanguka aliyenakili majibu ya jirani yake, kumbe jirani naye hajui kitu. Bibi hakuwahi kuanguka darasa lolote, na shule aliyoiongoza haikuwahi kuitwa shule ya kuangusha. Mwanamke wa namna hiyo ukimwambia ameanguka bafuni, humpi pole. Unampa matokeo.

Tulipokwenda kliniki ya wazee, muuguzi, kijana mpole mwenye foleni ndefu mlangoni, alimuuliza swali lililokuwa kwenye karatasi yake: je, mwaka huu umeanguka? Bibi alivua miwani, akaifuta, akamjibu kwamba hajawahi kuanguka tangu darasa la kwanza, na kwamba darasa la nne alikuwa wa kwanza kwa hesabu. Muuguzi aliandika "Hapana", akagonga muhuri.

Kwa hiyo ni jambo rasmi, lenye muhuri, kwamba Bibi haanguki. Na kwa kuwa haanguki, na kwa kuwa hukutwa sakafuni, anayebaki kushukiwa ni mmoja tu. Bibi hakushuka. Sakafu ndiyo iliyopanda.

2. Zulia. Sakafu haifanyi kazi peke yake. Sebuleni ina mshirika, zulia jekundu lenye maua, ambalo Mjomba, mdogo wake mama yangu, alimletea Bibi kama zawadi. Pembe yake moja imejikunja kwa juu. Tumeilalia, tumeipigia pasi, tumeiwekea kamusi kubwa juu yake kwa wiki nzima. Kamusi ilipoondolewa, pembe ilinyanyuka tena taratibu, kama mtu anayenyoosha mkono aulize swali.

Sakafu ya sebuleni humpandia Bibi hapo hapo kwenye pembe. Nilishauri zulia litolewe. Bibi alikataa, maana Mjomba akija jambo la kwanza hutazama zulia, la pili ndipo humwamkia mama yake. Zulia likikosekana Bibi ataulizwa kwa nini, na jibu lolote la kweli lina lile neno ndani yake. Kwa hiyo tunalizunguka. Wageni nao tunawaelekeza walizunguke. Mgeni mpya huuliza kama tumezika kitu.

3. Dawa. Bibi ana presha, na kwa ajili hiyo hupewa vidonge, na kwa ajili ya usingizi hupewa vingine. Mfamasia alinieleza vizuri sana kwamba mtu mzima anayemeza dawa za aina hiyo akiinuka ghafla kitandani, presha yaweza kushuka upesi akapata kizunguzungu. Nililitafakari jambo hili kwa siku kadhaa. Presha ikipanda, anapewa dawa ili ishuke. Presha ikishuka, sakafu inapanda. Naona wazi kwamba katika nyumba hii ni lazima kitu kimoja kiwe juu wakati wote, na kwamba mfamasia na sakafu wanapokezana.

Nilimuuliza mfamasia kama kuna kidonge cha kunywesha sakafu. Alinitazama, kisha akaniuliza kama na mimi napata usingizi wa kutosha.

4. Kidato cha jikoni. Kati ya jiko na uani kuna kidato kimoja cha kushukia. Ni kimoja tu, lakini hakitulii. Bibi anasema kuna siku kiko pale na kuna siku kimesogea. Ni kweli kwamba miwani anayovaa ni ile ya kusomea, aliyopimiwa zamani akiwa bado kazini, na kwamba akiivaa ili atembee, vitu vyote vilivyo chini ya kiuno humfikia kama uvumi. Ni kweli pia kwamba ndala zake zimelika kisigino hadi zimebaki kama karatasi. Lakini naomba tusimlaumu aliyeathirika. Mwanamke aliyewavusha watoto wa watu vidato vyote vya sekondari hawezi kushindwa na kidato kimoja cha saruji, isipokuwa kama kidato chenyewe kina hila.

5. Takwimu. Kliniki imebandika tangazo ukutani linalosema kwamba, kwa watu waliopita miaka sitini na mitano, karibu mmoja kati ya watatu huanguka kila mwaka. Bibi alilisoma, akarekebisha koma kwa kalamu yake, akarudi nalo nyumbani kichwani.

Sasa, barazani kwetu jioni hukaa wazee watatu hasa: Bibi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye kila mtu humwita Fundi Cherehani ingawa cherehani alishaiuza, na Mama Redio, anayepewa jina hilo kwa sababu haachi redio yake popote, hata msalani huingia nayo. Wakaanza kutafutana. Kama ni mmoja kati ya watatu, na wao ni watatu, basi ni nani?

Wote walimgeukia Fundi Cherehani, kwa kuwa mkono wake ulikuwa kwenye plasta. Alijitetea kwa utulivu kwamba yeye alijikwaa, na plasta ile ni ya kujikwaa, daktari mwenyewe anajua. Mama Redio alipoulizwa kuhusu lile tukio la dukani alisema aliteleza, na kuteleza ni kitu kingine kabisa, hata watoto huteleza. Bibi alikwisha kusema kuwa yeye hukaa. Walipofika hapo, Mama Redio alipunguza sauti ya redio kwa heshima ya uamuzi.

Nimelipitia jambo hili mara nyingi kwa sababu nafsi yangu haikubali hesabu isiyofungika. Mmoja amekaa, mmoja amejikwaa, mmoja ameteleza. Kati ya watatu hakuna aliyeanguka. Ama kliniki imekosea, ama kuna bibi wa nne mahali fulani anayeanguka kwa niaba yao wote, na kama yupo, naomba atafutwe apewe pole.

Tangazo hilo hilo linaongeza kwamba wengi wanaoanguka hawamwambii daktari. Hapo wazee wetu watatu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Walisema hiyo ndiyo adabu.

6. Fundi wenu. Nakiri kwa shukrani kwamba ofisi yako ilimtuma fundi kuja kukagua. Alikuja na pima maji, akailaza sakafuni sebuleni, bafuni na jikoni, akapiga magoti akasubiri. Kila mahali kiputo chake cha hewa kilisimama katikati. Akainuka, akajikung'uta magoti, akaniambia kwa upole, na kwa bahati mbaya kwa sauti, "Dada, sakafu hii iko sawa. Haipandi. Bibi yako anaanguka."

Bibi alikuwa nyuma ya mlango. Alitoka taratibu, mkono ukipita juu ya ukuta, akamwuliza fundi alisoma shule gani. Fundi akaitaja. Bibi akamwuliza mwalimu wake wa sayansi alikuwa nani. Fundi akamtaja. Bibi akatikisa kichwa kwa huruma na kusema kwamba anamfahamu, na kwamba sasa anaelewa. Fundi aliondoka bila kuandika chochote, na alipofika kwenye pembe ya zulia alilizunguka bila kuelekezwa.

Kuhusu vipimo vyenyewe, naomba kusema kwamba havina thamani. Mwanafunzi mtukutu hutulia mkaguzi akiingia darasani. Sakafu iliyopimwa mchana, mbele ya mtu mwenye kifaa cha serikali, haiwezi kuonyesha tabia yake halisi. Naomba pima maji iachwe kwetu kwa muda, imefichwa.

7. Hofu. Nimechelewa kulifikia hili, na nitaliandika kwa kifupi.

Bibi alikuwa na desturi yake. Kila asubuhi alitembea hadi mwisho wa mtaa kwa muuza magazeti, akanunua gazeti, akalisoma papo hapo akiwa amesimama, akasahihisha makosa ya ukurasa wa kwanza kwa kalamu, kisha akamrudishia muuza magazeti ili wateja wengine wapate nakala iliyo sahihi. Muuza magazeti alizoea. Alikuwa akiliweka lake pembeni na kalamu juu yake.

Siku hizi haendi. Amegundua mbinu: asipotembea, sakafu haitajua yuko wapi. Anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha tangu chai hadi taa ziwashwe. Nikimwambia twende wote, anasema jua kali. Siku ya mawingu anasema mvua inakuja. Muuza magazeti ameniuliza mara kadhaa, nami nimemwambia Bibi ana kazi nyingi.

Mtaalamu wa viungo pale kliniki alitueleza kwamba miguu isipotumika hudhoofu, na hofu ya kuanguka yenyewe humfanya mtu aanguke zaidi. Akaongeza kuwa aliyewahi kuanguka ndiye aliye katika hatari kubwa ya kuanguka tena. Bibi alifurahi sana kusikia hilo, kwa sababu, alisema, yeye hajawahi.

Lakini mimi naona kinachotokea. Akiinuka sasa miguu inatetemeka, na sakafu inapanda upesi kuliko zamani. Imemzoea. Imejua kwamba hafiki mbali. Nyakati nyingine nikiwa mezani na maandishi yangu, nasikia kiti chake kikilia anapojaribu kuinuka, na mkono wangu unasimama juu ya neno, na siendelei hadi nisikie ama nyayo ama kimya cha kurudi kitini. Sijui kama manispaa ina kifungu cha jambo la namna hii.

8. Mjomba. Huyu ndiye sababu ya haraka yangu.

Mjomba anampenda mama yake, na penzi lake lina funguo. Ameandaa chumba kwake: kitanda kipya, pazia jipya, televisheni miguuni mwa kitanda. Amesema mbele yetu sote, mkono kifuani, kwamba siku atakaposikia mama yake ameanguka hata mara moja, siku hiyo hiyo atakuja na gari, na nyumba hii itarudishwa kwenu na ufunguo wake. Hatasikiliza mtu. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, akamwuliza kama amekula.

Sasa unaona, Ndugu Mhandisi, uzito wa lile neno. Kwetu sisi kuanguka si neno tena. Ni gari lililosimama nje likiunguruma. Akilitamka Bibi, au mimi, au muuguzi, au Mama Redio kwa bahati mbaya wakati redio imezimwa, Bibi ataondoka kwenye dirisha lake, kwenye baraza yake, na kwenye mtaa ambao mwisho wake kuna gazeti lililowekwa pembeni.

Na ataondoka kwenda wapi? Mjomba anakaa ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Hapa kwetu Bibi anapambana na sakafu moja. Kule atakuwa na sakafu nne zilizopangana, moja juu ya nyingine, na chini yake ardhi yenyewe. Zikiamua kupanda zote kwa pamoja, sioni ni dari gani itamwokoa. Kumpeleka Bibi ghorofani ili asifikiwe na sakafu ni sawa na kumpeleka mtu anayeogopa mbwa akaishi kwa mfugaji.

MAOMBI

Kwa kuzingatia hayo yote, naomba ofisi yako ifanye yafuatayo, kwa mfuatano wa urahisi.

Kwanza, itoe cheti chenye muhuri kinachothibitisha kwamba sakafu ya nyumba ya mwisho hupanda. Cheti hicho tutakitundika sebuleni, mahali Mjomba atakapokiona mara tu amalizapo kutazama zulia.

Pili, sakafu ishushwe. Ichimbwe hadi kina ambacho hata ikipanda kwa bidii zote haitamfikia Bibi. Nimejiuliza Bibi atasimama wapi wakati huo. Nimepima kenchi za paa kwa macho na naona zinaweza kubeba mwalimu mkuu mmoja, pamoja na kiti chake, kama atafungwa vizuri karibu na dirisha.

Tatu, kama hilo ni gumu, naomba mfikirie upya mpango mzima wa majengo. Nimeichunguza nyumba yetu kwa makini na nimegundua kwamba kuta zimeishi na Bibi kwa amani miaka yote. Ukuta haujawahi kumpandia. Kinyume chake, ndio anaoushika. Sakafu na kuta zimejengwa kwa saruji ile ile, na mafundi wale wale, katika mwaka ule ule. Tofauti yao ni malezi tu, kwamba ukuta ulifundishwa kusimama na sakafu ikaachwa ilale. Napendekeza kwamba kuanzia sasa sakafu zote za manispaa zijengwe zikiwa zimesimama. Zilizokwisha kulala ziinuliwe. Wapangaji watazoea.

Nne, na la mwisho, kama sheria inaruhusu, ardhi yote iliyo ndani ya mipaka ya manispaa iitwe ofisini kwako ijieleze. Najua itasema kwamba iko mahali pake tangu zamani. Usiikubalie haraka.

Bibi ameisoma barua hii. Ameongeza koma, ameniondolea neno "sana" mahali pawili, na amesema hoja zinafuatana vizuri.

Nisalimie wote hapo ofisini: fundi wa pima maji, na umwambie kwamba Bibi hana kinyongo naye bali na mwalimu wake, karani wa dirisha la kwanza aliyenielekeza dirisha la tatu, na karani wa dirisha la tatu aliyenirudisha la kwanza, akiniuliza, "Sakafu? Sakafu ya nani?" Salamu pia kwa mlinzi wa getini, aliyenishika kiwiko nilipokuwa napanda ngazi zenu. Nilimwambia sihitaji. Nilikuwa nahitaji.

Wenu niliye bado wima,

Mjukuu wa nyumba ya mwisho.

Nakala: Muuguzi wa kliniki ya wazee.
Fundi Cherehani, ukuta kwa ukuta.
Mjomba (apewe bahasha tupu).

Tanbihi:

Ndugu Mhandisi, nilikuwa nimeshaifunga bahasha. Nimelazimika kuifungua.

Niliinuka mezani kwenda kutafuta viatu ili niilete, huku nikiirudia ile hoja ya kuta kichwani, na nilikuwa nimeipenda kiasi kwamba sikuangalia ninapokanyaga. Mguu uliingia chini ya pembe ya zulia. Niliona dari, kisha maua mekundu, karibu mno. Bahasha iliruka ikaangukia mbele ya kiti cha Bibi.

Kwa kipindi chote hiki sijapata kumwona Bibi akiinuka upesi namna ile. Hakushika ukuta. Alikuja hadi niliposimama, yaani nilipokuwa nimesimama kabla, akaniinamia.

"Umeanguka?"

"Hapana, Bibi," nikasema. "Nimekaa."

Akashika meza, akateremsha goti moja, akateremsha la pili, akakaa sakafuni kando yangu, pole pole, kama mtu anayeingia majini. Akaniwekea mkono kichwani.

"Mimi nilianguka," akasema. "Bafuni nilianguka. Hapa nilianguka. Kule jikoni nimeanguka hata wewe hukujua. Barua yako koma zake ziko sawa, mjukuu wangu, ila ni ya uongo. Haya, sema na wewe."

"Nimeanguka, Bibi."

"Vizuri. Umeumia wapi?"

Nilimwonyesha kifundo cha mkono. Alikishika, akakigeuza huku na huku. Na hapo ndipo nilipotambua kwamba katika mara zote nilizomwinua, nikimwuliza kama amekaa vizuri, swali hilo sikuwahi kumuuliza hata mara moja. Aliyekaa haulizwi ameumia wapi. Nikamuuliza. Alifikiri kidogo, kisha akaniongoza mkono hadi kwenye nyonga, mahali ambapo panamuuma tangu siku ya ndoo.

Kuinuka kulituchukua muda, maana kila mmoja alitaka kumsaidia mwenzake. Kisha Bibi aliomba simu. Alimpigia Mjomba mwenyewe, akiwa amesimama, mkono mmoja ukutani. Hakumsalimia kwanza. Alimwambia hivi: "Nimeanguka, na si mara moja. Nitarudia mtihani. Lakini shule sihami."

Nilisogeza sikio karibu na simu, nikisikiliza kama kuna gari linawashwa. Badala yake Mjomba, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa, aliuliza ukuta wa bafuni ni wa tofali au wa bloku, na vyuma vya kushikia vifungwe kimo gani.

Kwa hiyo nakuomba upuuze malalamiko namba moja hadi nane, pamoja na maombi yote manne. Badala yake naomba ruhusa ya kutoboa ukuta, jambo ambalo mkataba unalikataza: matundu ya vyuma viwili bafuni, na ya kimoja penye kidato cha jikoni. Mjomba atakuja na drili yake. Naomba pia tundu moja dogo sebuleni kwa ajili ya zulia, ambalo tumekubaliana litundikwe ukutani. Huko atalitazama vizuri zaidi, na hakuna atakayelikanyaga.

Kliniki tunakwenda kesho wakafute lile "Hapana", wampime miwani mpya na kuziangalia upya zile dawa. Njiani tutapita kwa muuza magazeti. Tutakwenda taratibu, Bibi akinishika mimi, na mimi, kwa sababu ya kifundo, nikimshika yeye.

Sakafu naomba muiache hapo hapo ilipo. Tunaihitaji ya kusimamia.